Maheno, Meli Iliyolala Mchangani

Msomaji, ukifika ufuo wa mashariki wa kisiwa cha K'gari, huko Queensland, Australia, utaona mabaki ya meli ya moshi yamelala mchangani, mekundu kwa kutu. Wayapigao picha ni wengi. Waulizao habari zake ni wachache. Wewe uliza.

Meli hiyo yaitwa Maheno. Iliundwa mwaka 1905 huko Dumbarton, Uskoti, urefu wake futi 400, ikachukua abiria baina ya New Zealand na Australia. Mwaka 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza, iligeuzwa hospitali. Ilipakwa rangi nyeupe na misalaba myekundu, ili adui ajue kuwa imebeba wagonjwa, asiipige. Mwezi wa Agosti ilitia nanga mbele ya Gallipoli, Uturuki, ikapokea askari waliojeruhiwa. Mwaka 1916 iliwavusha majeruhi wa Somme kutoka Ufaransa hadi Uingereza. Vita vilipokwisha, ilirudia kazi yake ya abiria.

Lakini chuma nacho huzeeka. Mwaka 1935 Maheno iliuzwa Japani ikavunjwe. Tarehe 3 Julai iliondoka Sydney ikivutwa kwa kamba na Oonah, meli nzee kama yenyewe, iliyouzwa vilevile kuvunjwa. Njiani tufani ilivuma, kamba ikakatika, na Maheno, isiyoweza tena kujiendesha, ikachukuliwa na mawimbi pamoja na watu 8 waliokuwamo. Siku chache baadaye ndege iliyotumwa kuitafuta iliiona imepanda ufuoni. Watu wote 8 walikuwa salama, wamepiga kambi pwani.

Jitihada za kuirudisha majini hazikufaulu, wala mnunuzi hakupatikana. Katika Vita Kuu ya Pili, ndege za Australia ziliifanya shabaha ya mazoezi ya mabomu. Tazama mageuzi ya dunia! Meli ambayo misalaba yake ilikuwa imewataka watu wasiipige, sasa ilipigwa kwa makusudi.

Basi, msomaji, atazamaye kutu peke yake atasema, "Hapa iliharibika meli." Aulizaye atasema, "Hapa imelala hospitali iliyookoa watu." Wote wawili wasema kweli, lakini wa pili ndiye aliyesoma historia. Kila gofu ulionalo, usiliulize limekufaje tu. Liulize pia liliishije.