Ningu alipungua kabla ya sangara

Ukishuka Mwaloni Kirumba asubuhi, utakuta dagaa, sangara na sato. Sasa ulizia ningu. Wazee jina watalikumbuka, samaki mwenyewe ndiyo shida.

Nani alimmaliza? Wengi tunajibu haraka: sangara. Kwa furu, jibu hilo lina uzito. Kwa ningu, tarehe zinakataa. Sangara waliingizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, wakaja kuzagaa miaka ya 1980. Lakini kufikia 1965 mtafiti Cadwalladr alikuwa ameshachapisha makala kuhusu kuporomoka kwa uvuvi wa ningu, akitumia mfano wa Mto Nzoia, Kenya.

Basi tumwangalie ningu mwenyewe, ambaye wanasayansi wanamwita Labeo victorianus. Anakulia ziwani, ila kuzaa anakwenda mtoni. Mvua zikikolea na mito ikafurika, hupanda kwa makundi kutaga mayai kwenye nyasi zilizofunikwa na maji. Watu wa kando ya mito waliujua msimu huo na walimtega kwa migono. Walivua wengi, lakini wengine walipita.

Nyavu za makila zilifika ziwani mwaka 1905. Miaka ya 1950 zikaja za nailoni, imara kuliko za zamani, na katika miaka hiyohiyo katazo la nyavu za macho chini ya inchi 5 likaanza kuondolewa. Wavuvi wakazitega midomoni mwa mito, wakati uleule ningu anapopanda. Jike akanaswa na mayai yake tumboni. Fanya hivyo msimu baada ya msimu, uone kama kuna kizazi kitakachobaki.

Leo IUCN inamweka ningu kwenye kundi la walio hatarini kabisa kutoweka. Bado wapo wachache, wakiwemo wa mito ya Mara na Kagera.

Kwa nini nakusumbua na historia hii? Kwa sababu sangara huwezi kumtoa ziwani, lakini mdomo wa mto unaweza kuuacha wazi wakati wa mvua, na nyasi za kingo zikaachwa bila kulimwa. Na popote tunapojenga bwawa mtoni, tuulize mapema samaki watapandia wapi. Ukuta wa zege hufanya kazi ileile ya wavu, ila wenyewe hauanuliwi jioni.