Dhiki Kuu ya Marekani na Wajibu wa Serikali

Mwezi wa Oktoba, 1929, bei za hisa katika soko la New York zilianguka, na watu wengi hudhani ya kuwa hicho ndicho chanzo cha dhiki iliyofuata. Walakini kuanguka huko kulikuwa dalili zaidi kuliko chanzo. Wakulima wa Marekani walikuwa taabuni tangu bei za mazao yao ziliposhuka baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na mabenki madogo ya mashambani yalikuwa yakifungwa mwaka hata mwaka. Baada ya 1929 ugonjwa huo ulienea nchi nzima. Kati ya 1930 na 1933 yalifungwa mabenki yapatayo 9,000, na wengi waliokuwa na akiba humo wakapoteza mali yao. Kufikia 1933, yapata mfanyakazi mmoja katika kila wanne alikuwa hana kazi.

Rais Herbert Hoover hakukaa kitako, kama walivyonena mahasimu wake. Mwaka 1932 serikali yake iliunda shirika la kukopesha mabenki na makampuni ya reli. Lakini aliamini kwamba kumlisha maskini ni kazi ya majirani, makanisa, miji na majimbo, wala si ya serikali kuu, kwa kuchelea kuwa sadaka ya serikali itaua ari ya mtu ya kujitegemea. Imani hiyo ilikuwa ya kale na ilikuwa na heshima yake. Ila hazina za miji na majimbo mengi zilikuwa zimekauka. Mwaka huo askari wa zamani walikusanyika Washington kudai malipo waliyoahidiwa. Mwezi wa Julai jeshi likawafukuza, na vibanda vyao vikateketea. Novemba Hoover akashindwa vibaya katika uchaguzi.

Aliyemshinda, Franklin D. Roosevelt, alikuwa ameahidi New Deal. Neno hilo la pili katika Kiingereza lina maana ya mapatano, na pia ya kugawa karata mchezoni. Maana zote mbili zafaa. Machi 1933 alifunga mabenki yote kwa siku kadha, kisha yakafunguliwa yale yaliyoonekana salama. Na kwa sheria ya mwaka huo akiba za watu zikawekewa bima. Vijana walipelekwa misituni kupanda miti, na tangu 1935 mamilioni ya watu wakaajiriwa kujenga barabara, shule na madaraja. Tarehe 14 Agosti 1935 ikatiwa sahihi sheria ya kuwalipa wazee pensheni na kuwasaidia waliopoteza kazi, ambayo Frances Perkins, mwanamke wa kwanza kuwa waziri katika nchi ile, aliishughulikia sana.

Hata hivyo, karata hazikugawiwa wote. Sheria ya 1935 iliwaacha nje vibarua wa mashamba na watumishi wa nyumbani, na kwa hiyo zaidi ya nusu ya wafanyakazi Weusi hawakupata kinga yake. Wanahistoria wameshindana juu ya sababu. Wengine husema ilikuwa vigumu kukusanya michango kwa waajiri waliotawanyika. Wengine huwanyoshea kidole wabunge wa Kusini, ambao hawakutaka kibarua Mweusi awe na riziki isiyotoka mkononi mwa bwana wake. Hoja ya kwanza ina ukweli wake, lakini haitoshi. Kwani katika Kusini Weusi wengi walikuwa wamezuiwa kupiga kura, na asiyekuwa na kura hana wa kumsemea sheria inapotungwa. Ni katika miaka ya 1950 tu ndipo wengi wa walioachwa walipoanza kuingizwa.

Wala New Deal haikuiponya dhiki yenyewe. Mwaka 1937 serikali ilipopunguza matumizi yake, biashara ilizorota tena, na ukosefu wa kazi haukwisha ila kwa maandalizi ya Vita Kuu ya Pili. Kilichodumu ni jambo jingine: kabla ya 1929 mtu asiye na kazi alihesabiwa kuwa mwenye msiba wake mwenyewe, baadaye akahesabiwa kuwa raia mwenye haki ya kudai. Hilo lilikuwa badiliko kubwa. Lakini tukilisifu, yatupasa kuuliza pia ni nani aliyeitwa raia siku ile sheria ilipoandikwa.