Faili zikinakiliwa polepole nyumbani, kagua kebo kabla ya kulaumu intaneti

NYUMBA yenye tarakilishi mbili au tatu si jambo geni tena katika maeneo ya majani chai ya Kericho na Bomet. Hata hivyo, picha za harusi zinaponakiliwa kutoka kipakatalishi hadi tarakilishi ya mezani, mara nyingi skrini huonyesha kuwa kazi hiyo itachukua saa kadhaa.

Wengi hudhani dawa ni kulipia intaneti ya kasi zaidi. Pesa za bonasi ya majani chai huweza kuishia huko bila faida, kwani faili inayotoka chumba kimoja hadi kingine haipitii kwenye intaneti. Hutoka tarakilishi moja, hupita katika ruta, kisha huingia katika ya pili. Kasoro itafutwe humo.

Hesabu kwanza

Kasi ya mtandao hupimwa kwa megabiti ilhali ukubwa wa faili hupimwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Kwa hivyo, njia ya megabiti 100 kwa sekunde haiwezi kupitisha zaidi ya megabaiti 12.5, na kwa kawaida hupitisha 11 hivi. Njia ya megabiti 1,000 hupitisha takriban megabaiti 110.

Chukua mfano wa picha na video za gigabaiti 40. Kwa megabaiti 110 kwa sekunde, zitahitaji dakika sita. Kwa 11, saa moja. Na kwa tatu, karibu saa tatu na dakika 40.

Hewani au kwenye kebo?

Unganisha tarakilishi zote mbili kwenye ruta kwa kebo, kisha unakili faili ile ile. Kasi ikipanda sana, tatizo lilikuwa Wi-Fi.

Tarakilishi zote mbili zikitumia Wi-Fi moja, kila kipande cha data husafiri hewani mara mbili: kwenda kwenye ruta, na kutoka huko hadi tarakilishi ya pili. Kasi hupungua kwa karibu nusu. Masafa ya gigahezi 2.4 hufika mbali lakini ni ya polepole; ya gigahezi 5 yana kasi ila hudhoofishwa na kuta. Mabati huzuia mawimbi hayo kwa kiasi kikubwa. Iondoe ruta kabatini na uiweke juu, katikati ya nyumba.

Kebo inayodanganya

Kebo ya mtandao ina nyuzi nane. Megabiti 100 huhitaji nyuzi nne pekee, lakini megabiti 1,000 huzihitaji zote. Uzi mmoja ukikatika, vifaa vingi hushuka kimyakimya hadi megabiti 100, na mwenyewe hudhani kebo ni nzima. Tazama kasi ya kiungo katika mipangilio ya mtandao. Ikiwa ni 100, badilisha kebo kwa nyingine ya daraja la 5e au zaidi, isiyozidi mita 100.

Isipobadilika, huenda ruta yenyewe ina matundu ya megabiti 100. Hapo nunua swichi ya megabiti 1,000 na uunganishe tarakilishi zote kwayo, mradi nazo zina uwezo huo.

Eneo hili hupata radi na mvua ya mawe mara kwa mara. Umeme wa radi huweza kupitia kebo na kuharibu tundu, hasa kebo iliyopitishwa nje kati ya nyumba mbili. Jaribu tundu jingine. Chomoa nyaya mapema mawingu yanapotanda, wala usiziguse radi ikishaanza.

Diski na faili ndogo

Njia ikiwa sawa, chunguza diski. Nakili faili kubwa ndani ya tarakilishi hiyo hiyo. Ikienda polepole, mtandao hauna hatia. Diski ya nje ya USB 2.0, kwa mfano, hupitisha megabaiti 30 hadi 40 tu kwa sekunde.

Maelfu ya picha ndogo pia huchelewa kuliko video moja yenye uzito ule ule, kwa kuwa kila faili hufunguliwa, husajiliwa na kukaguliwa na programu ya kuzuia virusi. Zifungashe kwanza katika faili moja ya zip. Usiizime programu hiyo ya ulinzi.

Nakili, usihamishe

Stima ikipotea katikati ya kazi, kipakatalishi kitaendelea kwa betri, lakini ruta na tarakilishi ya mezani vitazimika. Kwa hivyo nakili faili badala ya kuzihamisha. Linganisha idadi na ukubwa wa faili pande zote mbili, fungua chache uzikague, ndipo ufute za awali. Programu ya robocopy iliyomo katika Windows, na rsync kwenye Linux, huweza kuendeleza kazi iliyokatizwa bila kuanza upya.

Saa moja ya kusubiri huvumilika. Picha za harusi zikipotea, harusi hairudiwi.