Kilwa: Mji Uliolindwa na Bahari

Mtu akitoka Dar es Salaam kwa upande wa Kinondoni, akaenda kaskazini hata Kunduchi, ataona magofu ya msikiti wa mawe, na makaburi yenye nguzo zilizopambwa zamani kwa vyombo vya Kichina. Akienda kusini kupita Temeke hata Mbwamaji, ataambiwa habari za mji uliokuwako kabla Seyyid Majid hajaanza kujenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860. Miji hii ilikuwa ndugu wadogo wa mji mmoja mkubwa, nao ni Kilwa Kisiwani. Basi anayetaka kujua watu wa pwani walijilindaje zamani, na kwa nini nguvu zao zilikwisha, na asikilize habari za Kilwa.

Utajiri wa Kilwa ulikuwa dhahabu. Dhahabu ilitoka nyanda za juu za Zimbabwe, ikashuka hata bandari ya Sofala, nayo Sofala ilikuwa chini ya Kilwa. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akamkuta Sultani Al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu'l-Mawahib, yaani Baba wa Vipawa, kwa sababu ya ukarimu wake. Jumba la Husuni Kubwa, lenye vyumba zaidi ya mia na birika la kuogea lenye pembe nane, lilijengwa zamani zake. Sarafu moja yenye jina lake imeonekana Zimbabwe Kuu, mbali sana na bahari.

Je, mali nyingi hivi ililindwaje? Ulinzi mkubwa wa Kilwa haukuwa kuta wala askari. Mlinzi wa kwanza alikuwa bahari. Habari za kale za mji zasimulia kwamba Ali bin al-Hasan alikinunua kisiwa kwa mfalme wa bara, kwa nguo za kutosha kukizunguka chote. Kisha akauchimba mlangobahari, ili mfalme yule asiweze kurudi kwa miguu maji yakipwa. Mlinzi wa pili alikuwa pepo. Vyombo vya Arabuni na Bara Hindi vilikuja kwa kaskazi na kurudi kwa kusi. Chombo kilichofika Kilwa hakikuwa na nafasi ya kuendelea hata Sofala na kurudi kwao katika msimu mmoja. Kwa hiyo aliyetaka dhahabu alikuwa hana budi kufanya urafiki na Kilwa. Mlinzi wa tatu alikuwa mapatano na watu wa bara, ambao walileta chakula na pembe za ndovu.

Lakini ndani ya mji mlikuwa na ugonjwa. Katika karne ya 15 mawaziri na maamiri walianza kuwaweka masultani na kuwaondoa kama walivyopenda. Vasco da Gama alipofika Kilwa mwaka 1502 na mizinga yake, aliyetawala alikuwa Amiri Ibrahim, ambaye wengi walimhesabu kuwa mnyang'anyi wa ufalme. Ibrahim alilazimishwa kulipa kodi ya dhahabu. Mwezi wa Julai 1505 alikuja Francisco de Almeida, akateka mji, Ibrahim akakimbia. Wareno wakajenga ngome, wakamtawaza Muhammad Ankoni, mtu wa mji ule ule aliyekuwa rafiki yao. Mwaka uliofuata Ankoni aliuawa, na fitina zikazidi.

Hapa ndipo pa kutazama sana. Wareno waliutwaa mji kwa mizinga, lakini biashara hawakuweza kuitwaa. Walipowakataza wenyeji wasiende Sofala kwa hiari yao, wafanya biashara walizigeukia njia nyingine, nao wengi wakahama. Mwaka 1512 Wareno waliiacha ngome yao, wakaenda zao. Mji ulirudi kwa wenyewe, lakini biashara ya dhahabu ilikuwa imekwisha kuvunjika.

Pigo jingine lilikuja mwaka 1587, kutoka bara. Mtawa wa Kireno João dos Santos aliandika kwamba Wazimba walikaa ng'ambo ya kisiwa wasijue pa kuvukia, hata mtu mmoja wa Kilwa akawaendea kwa siri, akawaonyesha kivuko maji yakipwa, ili yeye na jamaa zake waokoke. Wazimba wakaingia, wakaua watu wengi sana. Kisha mkuu wao akaamuru msaliti yule na jamaa zake wafungwe na kutupwa baharini. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kilwa iliinuka tena kidogo katika karne ya 18, lakini kwa biashara mbaya ya watumwa; kisha Waomani wakaitawala, na shughuli zikahamia Kilwa Kivinje. Mwaka 1981 magofu yake, pamoja na ya Songo Mnara, yaliandikwa katika Urithi wa Dunia.

Basi, tuwafundishe watoto wetu kwamba mizinga ya Wareno ilikuwa na nguvu kweli, lakini iliukuta mji uliokwisha kugawanyika. Bahari ilikuwa mlinzi mwaminifu kwa miaka mingi; ila haikuweza kuwalinda watu wasiolindana wao kwa wao.