Zimamoto wa Kujitolea na Deni la Chuo

Mjomba wangu alistaafu zimamoto kule Tanga, na kila nikimpigia simu kutoka Pennsylvania hakosi swali la kazi yake ya zamani. Siku nilipomwambia kuwa mji wetu huu moto unazimwa na fundi bomba, mwalimu na muuza duka, alinyamaza kidogo.

"Hawalipwi?"

"Hawalipwi, mjomba."

"Huko Marekani? Sasa wanakula nini?"

Swali hilo lina umri wa karibu miaka 300. Desemba 1736 Benjamin Franklin na wenzake waliunda Union Fire Company mjini Philadelphia. Kila mwanachama alikuwa na ndoo zake za ngozi, na mifuko imara ya kuokolea vyombo vya jirani. Walikutana mara moja kwa mwezi kuzungumza habari za moto, na asiyefika alitozwa faini. Faini hizo ndizo zilizonunua pampu, ngazi na kulabu. Yaani si kwamba hawakulipwa tu, walilipa wao.

New York walikwenda njia nyingine. Sheria ya 1737 iliwaondolea wazimamoto wajibu wa kuwa makonstebo, wa kuketi mahakamani kuamua kesi, na wa kutumika katika mgambo. Mimi naona mjadala wa leo, wa kuwasamehe wazimamoto wa kujitolea deni la chuo, umeanzia hapo. Serikali isiyotaka kulipa mshahara iliona ina kitu kingine cha kutoa, nacho ni kusamehe.

Miji mikubwa baadaye iliachana na mtindo huo. Vikosi vilikuwa vimegeuka magenge, vikipigana barabarani huku nyumba ya mtu inateketea. Cincinnati ilianza kulipa wazimamoto wake 1853, New York 1865, Philadelphia 1871. Vijijini na miji midogo kama wetu mambo yakabaki kama alivyoyaacha Franklin. Kituo chetu kinachoma kuku Jumamosi na kuwauzia wapita njia ili kipate fedha za matengenezo. King'ora kikilia juu ya paa usiku wa manane, nasikia kijana wa nyumba ya pili akiwasha gari. Ana kidude cha kumwitia kiunoni, cheti cha huduma ya kwanza ya dharura, na deni la chuo. Asubuhi anakwenda kazini, ghalani, kulilipa.

Kusamehe mikopo ya elimu nako si jambo geni huku. Warusi waliporusha setilaiti ya Sputnik mwaka 1957, Wamarekani walishtuka kuona wanaachwa nyuma kielimu, na 1958 likaja fungu la mikopo ya wanafunzi. Aliyekwenda kufundisha alifutiwa asilimia 10 kila mwaka, hadi nusu ya deni. Mwaka 2007 Bunge likaleta msamaha kwa watumishi wa umma: fanya malipo 120 ukiwa mwajiriwa wa serikali au wa taasisi isiyo ya faida, angalau saa 30 kwa wiki, na kinachobaki kinafutwa. Mwanzo wake ulikuwa wa aibu. Hadi mwisho wa Juni 2018 walioomba walizidi 28,000. Waliokubaliwa walikuwa 96. Kanuni zikalegezwa, na kufikia Oktoba 2024 waliosamehewa walipita milioni moja.

Kijana wa nyumba ya pili hamo. Zimamoto anayelipwa mshahara na halmashauri anahesabiwa. Yeye kikosini hana mwajiri wa kumsainia fomu. La kushangaza zaidi ni kwamba aliyejitolea na Peace Corps, shirika lililoleta wapima ardhi na wahandisi Tanganyika tangu 1961, miezi yake inaweza kuhesabiwa. Akifundisha hisabati kijijini kwetu, ni utumishi wa umma. Akimtoa jirani yake kwenye moshi, ni hiari yake.

Wapo wanaosema ukimpa anayejitolea chochote, hajajitolea tena. Sikubaliani nao, na sheria ya 1737 haikubaliani nao. Bunge lenyewe limekwisha kulegea: tangu 2020 zimamoto wa kujitolea akipunguziwa kodi ya nyumba na jimbo lake, au akipewa posho isiyozidi dola 600 kwa mwaka, fedha hizo hazitozwi kodi ya mapato ya taifa. Ni kitu, lakini kijana asiye na nyumba punguzo la kodi ya nyumba litamfaa nini? Tume iliyotoa ripoti hapa Pennsylvania mwaka 2018 ilieleza kuwa wazimamoto wa kujitolea walikuwa kama 300,000 miaka ya 1970, nao wakati huo walikuwa wamebaki kama 38,000. Viwanda vilivyomruhusu mfanyakazi kutoka mbio king'ora kikilia vimefungwa, mafunzo yamerefuka, na vijana wanafanya kazi mbili. Deni ni sehemu ya sababu ya hiyo kazi ya pili.

Basi ndugu yangu unayeishi huku, mwanao akitaka kujiunga na kikosi, mbariki. Ila kabla hajasaini mkopo, mwulize kama jimbo lenu lina msaada wa ada kwa wanaojitolea. Maryland wanao, unaitwa ufadhili wa Charles W. Riley, na unatolewa kabla deni halijaingia. Msamaha wa shirikisho asiuwekee hesabu, mpaka Bunge litakapoamua kwamba kuzima moto ni utumishi wa umma hata bila mshahara.