Walichosema Mbele ya Wazee wa Ritongo

Takwimu moja imewaandama Abagusii kwa zaidi ya miaka 60. Mwaka 1959, mwanaanthropolojia wa Kimarekani Robert LeVine alichapisha katika jarida la American Anthropologist makala kuhusu makosa ya ngono katika nchi ya Gusii, eneo ambalo leo ni kaunti za Kisii na Nyamira nchini Kenya. Alihesabu mashtaka yaliyofikishwa kortini mwaka 1955 na 1956, akapata kesi za ubakaji 47.2 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Ya maeneo ya mijini ya Marekani ilikuwa 13.85. Hesabu hiyo ikavuka mipaka, ikaingia katika vitabu vya kufundishia vyuo vikuu vya ng'ambo, na Abagusii wakageuka mfano wa kutolewa darasani kila jamii yenye ukatili dhidi ya wanawake ilipotajwa.

Katika mjadala wote huo kuna watu ambao hawakuulizwa neno: wanawake waliosimama kizimbani. Kila tarakimu ya LeVine ilikuwa na msichana nyuma yake, na msichana huyo alikuwa ametoa maelezo. Alisema ni binti wa nani, nani alimchukua, ng'ombe walikuwa wametolewa au la, na yeye mwenyewe alitaka nini. Maelezo hayo yakaandikwa na karani, faili likafungwa.

Habari za kale za Gusii zinajulikana na hazihitaji kurefushwa: safari ya kutoka kaskazini, miaka ya Kano, baridi ya Kabianga, kisha kutawanyika kwa Kitutu, Nyaribari, Bobasi, Machoge, Mugirango na Bonchari. Waingereza wakapiga mara mbili, mwaka 1905 na 1908. Wamisionari Wakatoliki wa Mill Hill wakafungua misheni Nyabururu, Waadventista wakafungua Nyanchwa. Mwaka 1914 Wajerumani wakavuka mpaka, vita vikapiganwa mjini Kisii, na mji ukaporwa. Katika masimulizi haya mwanamke huonekana kama mke aliyezaa mwanzilishi wa ukoo, kisha hupotea.

Jambo moja tu la zamani hizo lahitaji kuwekwa wazi, kwa kuwa bila hilo kesi za baadaye hazieleweki. Boma la mwanamume mwenye wake kadhaa liligawanyika kwa nyumba, enyomba, na kila nyumba ilikuwa ya mama mmoja na watoto wake. Ng'ombe waliotoka kwa mahari ya binti walikuwa wa nyumba ya mama yake, na ndio waliomwolea mke kaka yake wa tumbo moja. Binti akiondoka bila ng'ombe, kaka yake alibaki kapera na nyumba ya mama yake ilikwama. Ukoo ulihesabiwa kwa baba, lakini mali ilipita mlangoni kwa mama.

Miaka ya 1940 mlango huo ulianza kugongwa kwa nguvu. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia mahindi yalinunuliwa, vijana walipata mishahara jeshini na katika mashamba ya chai ya Kericho, na kahawa, ambayo Waafrika wa Kisii walianza kuruhusiwa kuilima katika miaka ya 1930, ilikuwa imeanza kuleta fedha. Pesa zilipoongezeka, mahari nayo ikapanda. Mzee mwenye mifugo aliweza kuoa mke wa tatu. Kijana asiye na dada wa kuolewa alikaa akihesabu miaka. Serikali na wazee walijaribu kuweka kikomo cha ng'ombe, na baba wenye mabinti wakakipuuza. Vijana wakapata njia yao: wakatoroka pamoja.

Baba walikimbilia ritongo, baraza la wazee ambalo serikali ya kikoloni ilikuwa imeligeuza korti ya Waafrika. Hapo ndipo mamia ya migogoro ya wasichana yalipofika, na hapo ndipo mwanahistoria Brett Shadle alipokwenda kuchimba. Kitabu chake, Girl Cases, kilichotoka mwaka 2006, kinahusu ndoa na ukoloni katika Gusii kuanzia 1890 hadi 1970, na sehemu yake yenye uzito zaidi imetoka katika rekodi hizo za korti. Ni chanzo kilichokuwepo muda wote. Waliokiona kabla yake waliona idadi. Shadle alisoma mashauri yenyewe.

Alichokikuta hakifanani na jamii ya LeVine. Wazee wa ritongo, wote wanaume, walishikilia kwamba bila mahari hakuna ndoa. Katika hilo hawakutetereka. Lakini hawakukubaliana kuhusu nafasi ya ridhaa ya msichana, na wasichana waliitumia nafasi hiyo. Mmoja angeeleza kwamba aliyeshtakiwa kwa kumtorosha ndiye mume wake, na kwamba yule aliyeleta ng'ombe kwa baba yake hamjui wala hamtaki. Mwingine angesema hakutoroka kamwe, alibebwa. Wa tatu angekuwa tayari na mtoto, na swali likawa mtoto ni wa boma lipi. Mbele ya wazee wale wale, kwa maneno yake mwenyewe, msichana alipaswa kujitambulisha: mke, binti, au mtu aliyenyang'anywa.

Hoja hii inastahili subira kwa sababu inabadilisha namna ya kuisoma ile 47.2. Kesi zilizofika kortini katika miaka hiyo zilitoka katika mvutano ambamo kutoroka kwa hiari, kubebwa kwa nguvu na kuozwa kwa lazima vilisongamana mlango mmoja. Shtaka lililoandikwa kwenye daftari lilitegemea nani alishtaki na alikuwa anadai nini. Baba aliyekosa ng'ombe na msichana aliyeshambuliwa njiani wote walihitaji ritongo, lakini hawakuihitaji kwa jambo moja. Hesabu isiyowatenganisha haipimi tabia ya watu, inapima kazi ya korti.

LeVine alikuwa na maelezo yake. Alisema wasichana walibanwa mno na maadili, walilelewa kuzuia hisia zao, vijana walicheleweshwa kuoa na gharama, na jamii haikuwatenga wavulana na wasichana kimwili. Akaongeza kwamba koo zilioa katika koo zilizokuwa adui zao zamani, hata usiku wa harusi ukawa na sura ya pambano. Sehemu ya gharama ina uzito, na Shadle mwenyewe anaanzia hapo. Ile ya hisia zilizozuiwa imezeeka vibaya. Ni nadharia ya Marekani ya miaka ya 1950 iliyovishwa nguo za Kisii: inadai kujua moyo wa msichana bila kumnukuu aliposema yaliyo moyoni mwake.

Si kwamba ukatili haukuwepo. Mwaka 2008 Shadle alirudi kwenye suala hilo katika African Studies Review, akichunguza kesi za ubakaji za Gusii kuanzia miaka ya 1940 hadi ya 1960. Alionyesha jambo ambalo wengi wasingelitarajia kwa korti ya wazee wa kiume chini ya ukoloni: mlalamikaji hakugeuzwa mshtakiwa. Maneno yake kwa kawaida yaliaminiwa, na washtakiwa wengi walipatikana na hatia. Adhabu ndizo zilizokuwa nyepesi. Kwa hiyo wanawake hao walisema, wakasikilizwa, kisha mtu akatozwa kidogo na maisha yakaendelea. Picha hiyo inauma kuliko takwimu, na ina ukweli zaidi.

Wakati mumewe akijulikana kwa makala ile, Sarah LeVine alifanya kazi ya namna nyingine. Mothers and Wives, kitabu chake cha mwaka 1979, kimejengwa juu ya mazungumzo na wanawake saba wa Gusii katika miaka ya 1970. Majina yao yamefichwa. Humo kuna wake waliobaki na shamba na watoto huku waume wakitafuta kazi mijini, ujauzito unaofuatana, mashaka kuhusu mke mwenza, na wivu wa majirani. Kitabu kina mzigo wa saikolojia ambao msomaji wa leo anaweza kuuruka. Kinachobaki ni mwanamke anayejisimulia, siku baada ya siku, akigeuza maoni kuhusu mume wake kati ya mazungumzo mawili. Wasomaji wachache wa Kisii wamewahi kukishika mkononi.

Hata mwanamke anayejulikana kuliko wote katika historia ya Gusii, Moraa wa Ng'iti, hajasalimika na kusahauliwa huku. Januari 1908 Otenyo Nyamaterere wa Kitutu alimchoma mkuki ofisa wa kikoloni G. A. S. Northcote. Northcote alipona, na baadaye akawa gavana wa Guiana ya Uingereza, kisha Hong Kong. Jeshi lililotumwa kulipiza kisasi liliua watu wengi kiasi kwamba Winston Churchill, wakati huo naibu waziri wa makoloni, aliandika kulalamika kuwa mauaji yalikuwa yamepita kiasi. Otenyo aliuawa, na inasimuliwa kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Uingereza.

Aliyemchochea alikuwa Moraa, mganga na mwonaji. Hapo ndipo masimulizi yanapomfikisha na kumwacha. Wapo wanaomwita mama mlezi wa Otenyo, wapo wanaomwita shangazi, na ubishi huo wa udugu umechukua nafasi ya maswali mengine yote. Mwanamke aliyekuwa na mamlaka ya kuwaambia vijana wa Kitutu wakapigane na wenye bunduki hakuyapata siku moja kabla ya mkuki. Alitibu watu, alitabiri, alikuwa na wafuasi. Audrey Wipper, aliyeandika kuhusu waasi wa Gusii mwaka 1970 na tena katika Rural Rebels mwaka 1977, alimpa uzito wa kiongozi. Makala za sikukuu za kitaifa humpa sentensi moja, kisha hurudi kwenye kichwa cha Otenyo. Madai ya kutafuta mabaki hayo ni ya haki, lakini yamefanya historia nzima ya 1908 iwe habari ya mwili wa mwanamume mmoja.

Kuna pia wanawake walioficha utambulisho wao kwa kufuata mila yenyewe. Mjane asiye na mtoto wa kiume aliweza kutoa ng'ombe na kuoa msichana, ili nyumba yake ipate warithi. Watoto waliozaliwa walihesabiwa kwa marehemu mume wake, na jina la mwanamke aliyelipa mahari likafunikwa na la mtu aliyekwisha kuzikwa. Thomas Håkansson, aliyetafiti mahari, wanawake na ardhi katika Gusii, alieleza ndoa hizi mwaka 1988 kama jambo la mali na urithi. Ndoa ya namna hiyo ya Wanandi ilitambuliwa na Mahakama Kuu mjini Mombasa mwaka 2011. Gusii haijapata mwanahistoria wa kuwasimulia wake hao, waoaji na waolewa, kama watu.

Miaka tangu uhuru ina vitabu vyake na inaweza kungoja, isipokuwa kwa jambo moja. Kati ya 1992 na 1994 mauaji ya watu waliodaiwa kuwa wachawi yaliongezeka sana Gusii. Justus Ogembo aliyachunguza katika kitabu alichochapisha mwaka 2006. Mei 2008 watu 11, wanane kati yao wanawake, walichomwa moto. Oktoba 2021 wanawake wanne waliuawa Marani. Mara nyingi aliyelengwa alikuwa mzee, mjane, mwenye kipande cha shamba.

Hesabu ya umri hapa haiepukiki. Mwanamke aliyekuwa na miaka 80 mwaka 2008 alikuwa na miaka 17 mwaka 1945, kesi za wasichana zilipoanza kufurika ritongo. Ni kizazi kile kile. Bikizee ambaye kijiji kilijiuliza alitoka wapi, alifikaje katika boma lile, na kwa nini watu wa kwao hawakuja kumtetea, huenda alikuwa na majibu yaliyoandikwa kortini alipokuwa msichana. Alitoroka, ng'ombe wakachelewa au hawakufika, baba akakasirika. Wajukuu hawakuambiwa, kwa kuwa ndoa iliyoanza kwa kutoroka haikuwa hadithi ya kumpa heshima. Ukimya uliomsaidia kuishi kama mke ulimwacha uzeeni bila historia inayojulikana, na mtu wa namna hiyo ni rahisi kubuniwa nyingine.

Rekodi alizosoma Shadle zina majina, tarehe na ushahidi wa pande zote mbili. Kisii ina chuo kikuu chenye hati tangu 2013, na vijana wanaosoma Ekegusii bila mtafsiri, uwezo ambao watafiti wengi wa kigeni hawakuwa nao. Mjukuu wa Manga au Borabu anayejua jina la nyanya yake na la baba aliyemzaa nyanya huyo ana pa kuanzia. Asitarajie tu kwamba mwanamke atakayemkuta ndani ya faili atafanana na yule aliyesomwa kwenye tanzia siku ya mazishi.