Maskini wa Mhubiri na Sungura wa Ziwani

Katika sura ya 9 ya Mhubiri kuna kisa ambacho wahubiri wengi hukiachia katikati. Mfalme mkubwa anauzingira mji mdogo wenye watu wachache. Ndani yumo maskini mmoja mwenye hekima, naye anauokoa. Hapo kanisa huitikia amina. Lakini Mhubiri hajamaliza: vita vilipokwisha hakuna aliyemkumbuka maskini yule, na maneno yake hayakusikilizwa tena. Kwangu, mkia huo wa kisa ndio unaoitenga hekima ya Biblia na akili tuliyolelewa nayo kwenye ngano.

Maana Sungura wetu hasahauliki. Anampa tembo ncha moja ya kamba na kiboko ncha nyingine, kila mmoja akidhani anavutana na kale kanyama. Wanatoana jasho hadi jioni, naye yuko kichakani anacheka. Watoto wa mwambao wa Ziwa Tanganyika, ambako kiboko si mnyama wa kitabuni, hawana haja ya kueleweshwa utamu wake. Ila Sungura hamwokoi mtu. Anashindania tumbo lake na jina lake, na siku anapopambanishwa mbio na kobe aliyewapanga jamaa zake njia nzima, anaangushwa kwa silaha yake mwenyewe. Anachokitaka hasa ni kile alicho nacho tembo, yaani kushinda; njia tu ndiyo tofauti.

Karibu zaidi na Biblia ni yale yanayofundishwa madrasa za Ujiji, mji wa Waislamu tangu enzi za misafara. Katika Hadithi iliyopokewa na Abu Huraira, wanayoinukuu Bukhari na Muslim, Mtume anasema mwenye nguvu si bingwa wa mieleka bali ni anayejimiliki wakati wa ghadhabu. Mithali 16:32 inakwenda njia hiyohiyo: asiye mwepesi wa hasira anawekwa juu ya shujaa, na anayeitawala nafsi yake juu ya mteka miji. Kwa somo hili shehe na padre wangeweza kupokezana mimbari, na waumini wasishtuke. Adui amehamishwa kutoka nje kuingia moyoni, jambo ambalo Sungura hajawahi kulifikiria.

Wanaachana msalabani. Kwa Paulo, katika 1 Wakorintho 1, hekima ya Mungu imekuja katika sura ya upuzi na udhaifu. Maskini wa Mhubiri alisahauliwa akiwa ameshinda. Huyu wa Paulo anauawa mbele ya watu wanaomcheka.

Sasa tupime hayo kwa historia ya ziwa lenyewe, ambayo haiwaachii Wakristo kujisifu kirahisi. Mmisionari na mpelelezi Livingstone alirudi Ujiji Oktoba 1871, mgonjwa, akakuta mali yake imekwisha kuuzwa. Miezi michache nyuma, tarehe 15 Julai, alikuwa ameshuhudia watu wakipigwa risasi na wafanyabiashara wa watumwa sokoni Nyangwe, magharibi mwa ziwa, asiweze kuzuia chochote. Alichokuwa nacho ni kalamu. Mwandishi wa habari Stanley, aliyemkuta Ujiji, alipoondoka na barua zake, maneno ya mzee yule asiye na askari yaliitikisa Uingereza, na tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash akatia saini mkataba wa kulifunga soko la watumwa la Zanzibar. Mwenye kalamu alikuwa amekwisha kufa mwezi uliotangulia. Kisa cha Mhubiri kabisa, mtu angesema, kama si jambo moja: Barghash kwanza alikataa, akakubali alipotishiwa kwamba manowari zitakizingira kisiwa chake. Safari hii mfalme mwenye kuzingira alikuwa upande wa mwenye hekima.

Kusini mwa Ujiji, pwani ileile, kuna Karema. Mbelgiji Cambier alijenga ngome hapo mwaka 1879, na mwaka 1885 ikakabidhiwa Mapadre Weupe. Ng'ambo ya ziwa, Mpala, Kapteni Léopold Joubert, aliyewahi kuwa askari wa Papa, aliilinda misheni yao kwa bunduki dhidi ya wateka watumwa. Ni rahisi kumlaumu ukiwa umeketi salama, lakini waliokimbilia kwake walijua wanachokikimbia.

Mwaka 1889 alifika Karema Adrian Atiman. Alitekwa utotoni karibu na Timbuktu, akauzwa, akakombolewa na Mapadre hao na kusomeshwa utabibu Malta. Alitibu wagonjwa na kufundisha dini hapo hadi alipofariki mwaka 1956, miaka 67. Wajerumani walikuja wakaondoka akiwa Karema. Waingereza walikuja, na alipokufa walikuwa bado hawajaondoka. Kwa kipimo cha Sungura, Atiman hakumshinda yeyote: hakumdanganya mtu, wala hakumrudi aliyemuuza. Mithali 21:22, inayomsifu mwenye hekima kwa kuupanda mji wa mashujaa, nayo haimwenei, kwa kuwa ngome ya Karema aliikuta imekwisha kuachwa na askari. Paulo angemtambua mara moja.

Hata hivyo, waliomleta Atiman ndio haohao waliomweka Joubert na bunduki zake, na sioni kwamba waliona wanajipinga. Mimi naona walijipinga, na Mhubiri, aliyesifu hekima kuliko silaha kisha papo hapo akasema mkosaji mmoja huharibu mema mengi, asingewashangaa.